Mbuzi Aliyejua Habari za Sabuni

Juzi nimekaa zangu nje hapa Tunduma nafua, kaja kijana wa bodaboda anasukuma pikipiki, dole gumba kalichomeka chini ya tenki kama anayemziba mtoto pua. "Mama shikamoo, nimegee kasabuni, tenki linavuja." Nikamkatia kipande cha sabuni ya mche. Akakikanda, akakipachika pale penye tundu, petroli ikakata, akaondoka na asante zake. Mimi nikabaki na vidole vinanuka ile harufu ya sabuni iliyochanganyika na mafuta, nimeduwaa mbele ya beseni mpaka povu lote likafa.

Harufu ile naijua. Iliwahi kunitesa nikiwa na miaka minane, au saba, au tisa. Umri wangu mimi sikuuandika, na waliouandika walipoteza karatasi.

Kwetu ni Hasamba. Marehemu baba alituachia vitu viwili, jina lake na mashine ya kusaga. Jina halisagi mahindi, kwa hiyo tuliipenda zaidi mashine. Ilikuwa ya dizeli, ya kupiga hendeli, na sauti yake sijasikia tena duniani. Ikiunguruma Hasamba, kuku wa Igamba wanaacha kutaga wanasikiliza. Foleni ya akina mama na ndoo zao ilikuwa ndefu kiasi kwamba aliyekuwa mwisho akifika mbele, mtoto aliyekuja naye mgongoni ameshaota ndevu. Sawa, ndevu nimeongeza. Lakini foleni ilikuwepo.

Aliyeiendesha ni mama mwenyewe. Mwembamba kama ufito, lakini akishika hendeli akazungusha mara tatu, mashine inaamka yenyewe kwa heshima. Jioni anarudi mweupe wa unga hadi kope, nami namwona kama malaika aliyechelewa kuoga. Kazi yangu ilikuwa kushika mdomo wa gunia. Na kila siku alikuwa akisema neno moja: "Sekela, angalia. Unga ukiingia kwenye mafuta, mashine itakufa."

Sasa mimi mashine ile nilijua ni mnyama. Ina tumbo, inakunywa, inakohoa, inatoa moshi kama babu na kiko chake. Nikawa naishi na hofu. Nikiona unga unapepea kuelekea kwenye tenki, naupungia kwa mikono miwili kama nafukuza nzige.

Siku moja mama akanichukua tukaja hapa Tunduma kununua mkanda wa mashine. Malori yalikuwa yamepangana kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, lori la kwanza Zambia, la mwisho naona lilikuwa Dar es Salaam bado halijawashwa. Pembeni dereva mmoja mnene kalala chini ya lori lake, dizeli inamchuruzikia. Katoa sabuni mfukoni, kaipaka kwenye tundu la tenki, kimya. Akainuka, akaniona nimekodoa macho. "Mulishani, kabinti," akanisalimia kwa Kibemba cha ng'ambo. "Umeona daktari huyu? Hasomi, lakini anatibu kila tundu."

Neno lile liliniingia kuliko mahubiri ya Jumapili. Anatibu kila tundu.

Kesho yake tumerudi nyumbani, mama kaenda kuteka maji, mimi nimeachwa kulinda mashine na mbuzi wetu mmoja dume, kahawia, doa jeupe kwenye paji la uso. Tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu alikuwa hakosi mkutano wowote hata asipoalikwa. Nikapanda juu ya debe nikaukagua mfuniko wa tenki. Na nini naona? Katikati ya mfuniko, tundu! Dogo kama jicho la siafu, na unga umejaa pembeni yake unasubiri tu kuingia. Nikakimbilia beseni, nikachukua sabuni, nikakanda, nikaziba. Nikakandamiza kwa kidole, nikapaka na mate, likawa laini kama ukuta uliosilibwa. Kipande kilichobaki Mwenyekiti akakila. Akasimama ananitazama, povu linamtoka mdomoni, anatafuna polepole kama mtu anayeandika ripoti.

Nilijisikia shujaa. Nimeokoa mashine ya baba, na sikumwambia mtu, maana wema ukiutangaza unapungua.

Asubuhi iliyofuata mashine ikawaka vizuri. Ikasaga debe la kwanza. Ikasaga la pili. Ikakohoa, ikahema, ikazima. Mama akapiga hendeli mpaka kitenge kikataka kumtoka, wapi. Akafungua mfuniko kuangalia mafuta, yapo. Akafunga. Akapiga hendeli, ikawaka! Madebe mawili, ikazima tena.

Akaitwa Fundi Jeki. Huyu ndiye alikuwa fundi wetu wa kila kitu, redio, baiskeli, hata meno. Akafungua nozo, akaipuliza. Akafungua pampu, akainusa. Akatazama mafuta kwenye tenki, akafunga, akawasha, ikaunguruma. "Imepona hiyo," akasema, akapewa kuku akaondoka. Hajafika kwenye kona, mashine ikazima. Alirudi siku ya pili, hivyo hivyo, kuku wa pili. Siku ya tatu, kuku wa tatu. Jogoo wetu akaanza kulala juu ya mti akisikia baiskeli ya Fundi Jeki.

Mara ya nne fundi akavua kofia kama yuko msibani. "Mama Sekela, mashine hii imezeeka. Pumzi imekwisha. Au kuna mtu kaichezea?"

"Nani aichezee?" mama akasema, mbele ya wanawake wote waliokuwa kwenye foleni. "Hakuna aliyeigusa zaidi yangu. Naapa."

Mama kaapa. Na mimi nimeigusa. Sikuwa najua kama sabuni ndiyo mbaya. Kwa akili yangu sabuni ndiyo ilikuwa bado inaishikilia mashine roho isitoke. Nikawaza, nikiitoa, unga utaingia, itakufa kabisa. Nikiiacha, mama ameapa uongo. Nikanyamaza. Mwenyekiti akawa kila nikipita ananitazama.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu. Akaja akakaa kwenye kigoda, akamwambia mama, "Shemeji, chuma kikifa kinauzwa kingali kizito. Nimeongea na mtu wa vyuma chakavu. Anakuja Ijumaa mchana na pikapu."

"Ile ni mashine ya kaka yako," mama akasema.

"Kaka yangu alipenda kitu kinachosaga. Hiki hakisagi. Mpaka Ijumaa ikiwa inasaga, mimi mwenyewe nitaisukuma pikapu irudi."

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi mama akajifunga kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukashuka Vwawa tukapata gari mpaka Tunduma. Akazunguka maduka ya spea akieleza. Muuza spea mmoja akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, spea ninazo. Tatizo hujui unanunua ya ugonjwa gani. Nenda pale intaneti kwa Zuhura. Ndani ya kompyuta kuna mafundi wa nchi nzima, unawauliza wanajibu bure."

Ndani ya kompyuta! Nikawaza watakuwa wembamba kiasi gani.

Zuhura alikuwa dada wa Tanga, mtandio wa kijani, vidole vyake kwenye vile vitufe vinakimbia kama kuku wanaodonoa mtama. Akatupa viti. Akasema, "Haya mama, niambie shida, mimi naandika."

Mama akakaa vizuri, akaweka mikono mapajani. "Andika. Kwenu mafundi wote. Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Mimi ni mama Sekela wa Hasamba. Huku tunaendelea vizuri, mvua imechelewa lakini kahawa imetoa maua. Waliofiwa poleni. Waliojifungua hongereni. Wagonjwa wenu wanaendeleaje? Na watoto, wanasoma?"

Zuhura akaandika, akaandika, akaacha. "Mama, hapa watu huwa wanaandika shida yenyewe."

"Mwanangu, wewe unaingia nyumba ya watu unasema 'nipeni' hata hujakaa? Kwetu shida inasemwa mlangoni, wakati wa kuaga."

"Sawa. Basi aga."

"Andika, basi mimi naomba kuaga."

"Na shida?"

"Si wataniuliza? Mwenye nyumba akiona mgeni kaja kwa mguu kutoka mbali, anauliza, 'mama, kuna jambo?'"

"Mama, hawakuoni!"

Mama akafikiri. "Basi ongeza kwamba mashine imekufa na wanisaidie. Lakini iandike chini kabisa, kwa herufi ndogo, isiwe kama nimewavamia."

Zuhura akafanya hivyo. Tukaenda kulala kwa mwanamke mmoja aliyeimba kwaya na mama zamani. Mama hakula. Alikuwa anatazama mlango, nafikiri alitegemea mafundi watabisha hodi.

Ijumaa mapema tukawa wa kwanza kwa Zuhura. Majibu yalikuwa yamejaa. Zuhura akasoma la kwanza, uso ukimbadilika: "Swali liko wapi hapa?" Akasoma la pili: "Mama umepotea, hii siyo redio ya salamu." La tatu: "Imekufa vipi? Mtu hajui kuuliza halafu anataka kusaidiwa." La nne: "Mke wangu kajifungua juzi, ahsante mama kwa hongera."

"Huyo mmoja kalelewa," mama akasema. Lakini alikuwa ameshasimama, na mdomo wake umekuwa mstari. "Sekela, twende. Nimewasalimia watu, wamenicheka. Afadhali pikapu ije."

"Kaa mama, bado mmoja," Zuhura akasema. "Huyu anaitwa Spana Kumi na Tatu. Huyu ni mkubwa wao."

Mimi kusoma nilikuwa sijui, na leo najua kidogo kwa kulazimishwa na simu. Lakini picha nilikuwa naona. Kila aliyejibu alikuwa na kapicha pembeni: mmoja gari, mmoja mpira, mmoja uso na miwani. Nikatazama ka huyo Spana, nywele zikanisimama. Alikuwa ni mbuzi. Dume, kahawia, doa jeupe kwenye paji la uso, na anatafuna.

"Dada," nikasema polepole, "huyo mbuzi kaandika nini?"

Zuhura akasoma. "Mama Sekela, shikamoo. Salamu tumepokea, mvua na huku imechelewa. Wenzangu msimcheke, kila mtu humu aliingia hajui kubisha hodi. Sasa mama, sisi hatuioni mashine yako, kwa hiyo tupe macho. Ni injini ya aina gani? Inagoma kuwaka, au inawaka halafu inazima? Inazima baada ya muda gani? Na kubwa kuliko yote, kabla haijaanza kusumbua, ni kitu gani cha mwisho kilichofanyika kwenye hiyo mashine? Hata kama ni kidogo. Hata kama ni aibu."

Nyie, niliganda! Hata kama ni aibu! Mwenyekiti kasema! Kamtumia ndugu yake wa Tunduma habari zote, na huyu sasa ananiuliza mbele ya mama kwa upole wa kunitega. Nikatazama yale macho ya mbuzi kwenye kioo, na yeye ananitazama. Mpaka leo naapa alipepesa.

Mama akawa anajibu, sasa amechangamka kidogo. "Andika, ni ya dizeli, ya hendeli, silinda moja. Inawaka vizuri. Inasaga madebe mawili, muda wa kuimba nyimbo mbili za kwaya, halafu inakohoa inazima. Na kilichofanyika mwisho, andika hakuna. Hakuna aliyeigusa."

"Nimeziba tundu," nikasema.

Ilitoka yenyewe, kama kikohozi. Halafu machozi, halafu makamasi, halafu habari yote: dereva, daktari wa kila tundu, mfuniko, unga, Mwenyekiti na povu. "Huyo mbuzi anajua, mama! Alikuwepo! Wameambiana!"

Zuhura akaweka mkono mdomoni, mabega yanamtetemeka. Mama hakucheka. Alinitazama kwa muda mrefu sana, naona niliongezeka hata urefu. Nikasubiri kofi. Akauliza, "Ulitumia sabuni gani?"

"Ile ya kwenye beseni."

"Ndiyo maana ilikwisha haraka." Akavuta pumzi, akamgeukia Zuhura. "Futa hiyo 'hakuna'. Andika: tundu la kwenye mfuniko wa tenki limezibwa kwa sabuni. Nimeziba mimi."

"Mama, lakini ni mto..."

"Nimesema mimi. Mashine ni yangu, sabuni ni yangu, na mtoto ni wangu. Andika."

Hapo ndipo nilipolia kabisa, kile kilio cha kukosa sauti. Mama yangu, aliyekuwa hawezi kuomba hata chumvi bila kuulizia ukoo mzima, kakubali nchi nzima ya mafundi imwone mjinga. Na ujinga wenyewe hata si wake.

Hatukukaa sana. Yule mbuzi alikuwa yuko macho. Akajibu, Zuhura akasoma: "Mama, jibu hili tu. Mashine ikizima, ukafungua mfuniko kutazama mafuta, ukafunga, ukawasha, inakubali?"

Mama akainuka kwenye kiti. "Kajuaje?"

"Si nimekwambia!" nikasema.

"Mwandikie ndiyo! Ndiyo kabisa! Ndivyo ilivyokula kuku wangu watatu!"

Jibu likaja refu, Zuhura akatuandikia kwenye karatasi na kutusomea mara mbili. Kwamba tenki lazima livute hewa. Mafuta yakishuka, hewa iingie juu kujaza nafasi. Ukiziba, ni kama mtoto anayenyonya maji kwenye chupa bila kuachia mdomo, mwisho chupa ndiyo inamnyonya yeye. Mashine yetu haikuwa imezeeka, ilikuwa imebanwa pua. "Chukua pini, zibua tundu mpaka uone mwanga. Halafu toa upepo kwenye paipu ya mafuta kabla hujawasha. Na usione aibu, mama. Mimi na ufundi wangu wote nimewahi kufunga injini ya watu nikaacha tambara ndani, na spana juu yake, namba kumi na tatu. Ndiyo maana ya jina langu. Ikipona, rudi utuambie."

Tulivyofika Hasamba sikumbuki. Nakumbuka tu mama anatembea, mimi nakimbia, na bado ananiacha.

Pikapu ilikuwepo. Mtu wa vyuma kaegemea mlango anakula muwa, na baba mdogo kainama kwenye mashine na spana, nati mbili zipo tayari mchangani. Wanawake na ndoo zao wamesimama pembeni. Mwenyekiti naye yupo, mkutano ule asingekosa.

"Shemeji, rudisha hizo nati," mama akasema, anahema.

"Shemeji, tulikubaliana. Fundi kasema imekufa."

"Na mbuzi kasema haijafa."

Baba mdogo akaweka spana chini polepole, akamtazama mama kama mtu anayetafuta dalili za malaria. "Shemeji, umekula leo?"

"Mbuzi yupi?" mwanamke mmoja akauliza kwa nyuma, na wote wakageuka kumtazama Mwenyekiti. Na yeye akainua kichwa kama aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Siyo huyo, wa Tunduma," mama akasema, na hapo ndipo alipoharibu zaidi. "Nati shemeji. Madebe matatu tu. Likifika la tatu ikazima, beba mashine, nibebe na mimi uniuze chakavu."

Mtu wa vyuma akasema muwa wake bado mrefu, anaweza kusubiri. Nati zikarudi, zikakazwa. Mama akachomoa pini iliyoshika kitenge chake, mkono mmoja ukashikilia kitenge kisianguke mbele ya shemeji, mwingine ukashika pini. Akageuka, akaninyooshea.

"Wewe ndiye unajua ulipopaziba. Zibua."

Nikapanda juu ya debe lilelile. Sabuni ilikuwa imekauka ngumu kama jino. Nikachokonoa. Harufu ikanipanda puani, sabuni na dizeli. Nikachokonoa mpaka pini ikazama, na tenki likafanya "fyuuu." Wengine wanasema tenki halikufanya kitu, ni mimi nilishusha pumzi. Waache waseme, hawakuwa juu ya debe.

Mama akatoa upepo kwenye paipu kama karatasi ilivyosema. Akafunga kitenge fundo. Akashika hendeli.

Debe la kwanza likapita. Hakuna aliyeshangaa, la kwanza lilikuwa linapita siku zote. La pili likapita, na hapo watu wakaacha kuongea. Mama akaanza kuimba, wimbo wa kwaya, wa kwanza, wa pili, sauti inatetemeka kwa mashine na kwa mambo mengine. Akafika mwisho wa wimbo wa pili. Wote tukaitazama injini. Baba mdogo alikuwa kakunja ngumi, na sijui ngumi ile ilikuwa inaomba nini. Mama akaanza wimbo wa tatu, na debe la tatu likamiminwa.

Mashine haikukohoa hata kwa adabu. Ikasaga la tatu, la nne, la tano. Vigelegele vilivyopigwa pale, malori ya Tunduma yalidhani mpaka umefunguliwa. Baba mdogo akachukua gunia la kwanza la unga akalitwika mwenyewe kichwani, unga ukamwagikia usoni, na sikujua kwa nini unga wake ulikuwa na michirizi miwili chini ya macho. Halafu akaweka gunia chini, akaenda nyuma ya pikapu, akaisukuma kama alivyoahidi, ingawa haikuwa imeharibika na mwenyewe, yule mtu wa vyuma, alikuwa bado hajapanda.

Wiki iliyofuata mama alirudi Tunduma. Nauli yote ile, kwenda kusema ahsante tu. Zuhura hakuamini. Mama akamwamuru aandike: "Shikamooni wote. Imepona. Inasaga. Yule aliyejifungua, mtoto anaendeleaje?" Na safari hii waliitikia wote, hata yule aliyesema siyo redio ya salamu, naye akauliza hali ya kahawa. Spana Kumi na Tatu akaandika, "Mama Sekela, wengi wanakuja hapa na ugonjwa, wakipona hatuwaoni tena. Wewe umerudi."

Mimi nilikuwa nimembebea mbuzi yule chumvi kwenye kipande cha gazeti, maana mbuzi wetu alipenda chumvi kuliko majani. Wakati Zuhura kageuka nikaimwaga yote kwenye vitufe, mbele ya pua ya mbuzi kwenye kioo. Kelele aliyopiga dada yule wa Tanga naisikia hadi leo.

Nilikuwa msichana mkubwa nilipoelewa kwamba Spana alikuwa ni mtu, kwamba ile ni picha tu mtu anajichagulia, na Mwenyekiti maskini alikufa na siri yangu bila kumwambia yeyote. Nilimhukumu bure. Nilikaa siku nzima namwonea huruma.

Mashine ile bado inasaga kule Hasamba, na mimi niko hapa Tunduma na zangu mbili, nazifungua na kuzifunga mwenyewe. Kwenye simu nipo kwenye kundi la wenye mashine. Picha yangu mmeshaibashiri: dume, kahawia, doa jeupe.

Basi juzi, baada ya kijana wa bodaboda kuondoka, nimekausha mikono, nafungua simu, nakuta mgeni kaingia kundini. Kaandika maneno mawili: "Imekufa. Msaada." Wakubwa wameshamparamia. Imekufa nini, ng'ombe? Jifunze kuuliza. Tupige ramli? Kijana kanyamaza, nami nikamwona kabisa akilini, anainuka kitini kama mama siku ile, anataka kuondoka.

Nikaandika kwa kidole kimoja, polepole, maana herufi na mimi bado tunaogopana. Karibu mwanangu. Huko mvua vipi? Ni mashine gani? Na kitu gani cha mwisho kilifanyika? Hata kama ni aibu.

Simu ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Anaandika. Ikaacha. Nikajua, yupo juu ya debe huyo. Halafu ikaja, siyo kundini, kwangu peke yangu: "Mama, kuna kitu sijamwambia mtu."

"Sema," nikamjibu. "Mbuzi huwa hatusemi."